Mimba Changa: Siri ni Haki Yako, Lakini Nesi Usimfiche

Mara ya kwanza niliposhika mimba, waliojua tulikuwa wawili tu: mimi na mume wangu. Tena yeye nilimwambia baada ya siku nne. Kile kijiti cha kupimia mkojo chenye vistari viwili nilikifunga ndani ya leso, nikakificha chini ya kabati. Nyanya alitulea na neno moja: mimba haitangazwi, hujitangaza yenyewe. Kuna husda, kuna jicho, kuna midomo ya watu. Basi nikanyamaza.

Wiki ya nane nikaanza kuona damu. Mwanzo matone tu. Mavyaa wangu alikuwa chumba cha pili, na mimi nikajifanya niko kwenye hedhi. Siku mbili nzima nilifua, nikapika, nikasaga nazi, huku tumbo lanikata. Usiku wa pili nilianguka chooni. Mume wangu alikuwa safarini, na mavyaa ndiye aliyeniokota na kunitia kwenye tuktuk saa nane za usiku, asijue ninaumwa nini. Daktari aliniuliza, "Damu imeanza lini? Kliniki unahudhuria wapi?" Sikuwa na jibu la swali la pili.

Mimba ilikuwa imeharibika, na damu niliyopoteza ilikuwa nyingi hata nikahitaji kuongezwa. Simu zikapigwa usiku ule kutafuta ndugu wa kujitolea. Siri niliyoitunza wiki tatu ukoo mzima uliijua kabla ya alfajiri.

Nayaandika haya kwa sababu najua nyumba nyingi za Pwani zina siri kama yangu hivi sasa. Sisemi watu waanze kutangaza mimba changa barazani. Kunyamaza ni haki ya mwanamke, na nikijaliwa tena nitanyamaza. Nilichojifunza ni kwamba kuwanyamazia majirani ni jambo moja, na kumnyamazia nesi ni jambo jingine kabisa.

Kwanza niondoe dhana moja. Nilipotoka hospitali niliambiwa ni jicho, wengine wakasema ni kwa sababu nilibeba ndoo za maji. Nesi aliyenihudumia aliniketisha akanieleza. Kati ya mimba 10 zinazojulikana, moja au mbili huharibika, na nyingi huwa kabla ya wiki ya 12. Mara nyingi sababu ni kwamba vinasaba vya kile kiumbe havikujipanga sawa tangu siku ya kwanza. Si kazi za nyumbani, si ugomvi, si jirani aliyekutazama vibaya. Siri yangu haikuua mimba ile. Lakini ilibakia kidogo tu iniue mimi.

Mara ya pili, mwaka uliofuata, nilikwenda kliniki wiki ileile niliyojua. Mume wangu alinisindikiza. Nesi akahesabu, akasema, "Una wiki sita." Nikamwona mume wangu anakunja vidole. Yeye ni dereva wa lori, na alikuwa amerudi nyumbani wiki nne na siku chache tu zilizopita!

Nesi akacheka, kwani si mara yake ya kwanza kuliona jambo hilo. Akatueleza kwamba mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, si siku iliyotunga. Kwa kawaida mimba hutunga kiasi cha wiki mbili baada ya hapo. Kwa hiyo mwanamke anayeona siku zake kila baada ya siku 28, siku anapozikosa tayari huhesabiwa wiki nne. Bwana akafungua vidole vyake. Natamani wanaume wote wangeelezwa hesabu hii kabla ya kuoa, ingeepusha ugomvi mwingi. Nawe dada, iandike tarehe ya hedhi yako ya mwisho, ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.

Kwa nini mapema? Jibu lilinishangaza. Ule mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga kiasi cha siku 28 baada ya mimba kutunga, yaani karibu na wiki ya sita kwa hesabu ya kliniki. Wakati huo wengi wetu ndiyo kwanza tunashuku. Vidonge vya foliki asidi husaidia mfereji huo ufunge vizuri. Ndiyo maana madaktari hushauri mwanamke anayetaka mtoto aanze kuvimeza hata kabla ya kushika mimba, na aliyekwisha kushika aanze siku ileile. Anayengoja mpaka tumbo lionekane amekwisha kukosa faida hiyo.

Katika kliniki zetu vidonge hivi hutolewa pamoja na madini ya chuma ya kuongeza damu. Usivimeze kwa chai, kwa sababu chai huzuia chuma kuingia mwilini. Meza kwa maji, au maji ya machungwa au ndimu, na chai unywe baadaye.

Siku ile ya kwanza nilipimwa damu na mkojo. Hupimwa wingi wa damu, kundi la damu, virusi vya ukimwi, kaswende na maambukizi ya mkojo. Usiogope vipimo hivi. Ugonjwa ukijulikana mapema, mtoto anaweza kukingwa. Na ukiambiwa kundi lako la damu lina alama ya hasi, uliza, kwani huenda ukahitaji sindano maalumu ya kumlinda mtoto. Nilipewa pia kitabu cha mama na mtoto na chandarua. Hapa Pwani malaria ni adui wa mja mzito, na kuanzia wiki ya 13 hupewa vidonge vya kuikinga, ambavyo humezwa palepale kliniki. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mja mzito aonane na wahudumu wa afya mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12 kwisha.

Kisha kuna kichefuchefu. Kwa wengi moyo huanza kuchafuka karibu na wiki ya sita, huzidi wiki ya nane au ya tisa, na hupungua kuelekea wiki ya 14. Mimi harufu ya vitunguu vya kukaanga ilinitoa jikoni. Kilichonifaa ni kula kidogo kidogo: kipande cha mkate mkavu kabla sijainuka kitandani, tangawizi katika maji moto, embe bichi kwa chumvi. Lakini ukitapika hata maji yasikae siku nzima, na mkojo ukawa mchache na wa rangi nzito, hiyo si "mimba ya kawaida ya kutapika". Nenda hospitali ukatiwe maji.

Kuhusu chakula, kuna moja linalotuhusu sisi watu wa bahari. Mtuzi wa papa ndio uliokuwa hamu yangu. Lakini papa, na samaki wengine wakubwa walao wenzao kama nduwaro, hukusanya zebaki mwilini, na zebaki hudhuru ubongo wa mtoto unaokua. Samaki wadogo kama tasi, changu na dagaa ni wazuri, kula. Udongo pia uache. Hamu yake mara nyingi huja pamoja na upungufu wa damu, na udongo wenyewe huweza kuleta minyoo na kuzidisha upungufu huo. Mwambie nesi, hatakucheka.

Dawa nazo ni kwa tahadhari. Mwarobaini tunaoukimbilia kwa kila homa madaktari huwakataza waja wazito. Brufen pia usimeze bila kuulizia. Homa ikikushika usinunue dawa dukani, nenda ukapimwe malaria.

Sasa nije kwenye lile lililoniangusha chooni. Matone ya damu katika wiki za mwanzo huwapata wengi, na wengi wao huendelea vizuri hadi kujifungua. Lakini hakuna awezaye kujua kwa kujitazama nyumbani. Damu yoyote, kaangaliwe. Na haya usiyangoje hata yapambazuke: damu nyingi yenye mabonge, maumivu makali ya chini ya tumbo hasa ya upande mmoja, kizunguzungu au kuzimia, na maumivu ya bega yasiyo na sababu. Hizo huenda zikawa dalili za mimba iliyotunga nje ya mji. Mimba hiyo haiwezi kuokolewa, na ikipasuka mama hufa kwa saa chache asipopata msaada.

Kwa hiyo chagua watu wa siri yako kwa akili. Wa kwanza ni nesi, ambaye kazi yake inamlazimu kuitunza. Wa pili ni mumeo. Wa tatu awe mtu mzima anayelala karibu nawe, anayeweza kukufikisha hospitali usiku mume akiwa mbali. Kama kliniki ya mtaani kuna jamaa zako, nenda ya mtaa mwingine. Jisajili pia na SHA mapema, maana tangu Oktoba 2024 ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, na usiku wa dharura si wakati wa kuhangaika na usajili.

Mara ya pili wa tatu wangu alikuwa mavyaa. Nilimwambia jikoni, sauti ya chini. Aliweka mwiko chini, akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, ile ya kwanza mbona hukuniambia? Mimi zangu zilizotoka ni mbili." Miaka minne niliishi naye nyumba moja, sikujua. Hakumwambia mtu yeyote habari zangu mpaka tumbo liliposema lenyewe. Lakini kila mwezi siku ya kliniki, yeye ndiye aliyeniamsha.