Kitufe cha Besi Kilikwenda Wapi?

Sabufa ya bei nafuu pale Kariakoo jijini Dar es Salaam, au katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi, haikosi vitufe vyake vya kuzungusha: sauti, besi na trebo. Mnunuzi huyohuyo akitafuta amplifaya ya hedifoni, yaani kile kiboksi cha mezani kinachosukuma hedifoni nzito zinazoishinda simu, atapekua orodha za watengenezaji wa Marekani, Uchina na Ujerumani na mara nyingi ataambulia kitufe kimoja tu, cha kuongeza na kupunguza sauti. Balansi, ile ya kugawa sauti kati ya sikio la kulia na la kushoto, ni adimu zaidi. Anayelipa kidogo anapewa uhuru wa kupanga sauti aitakavyo, na anayelipa sana anapangiwa. Ukifuatilia jinsi soko lilivyofika hapa, utaona kwamba biashara ilichangia zaidi kuliko uhandisi.

Kwa upande wa uhandisi, tatizo lilimalizwa zamani. Mwaka 1952 Mwingereza Peter Baxandall alichapisha katika jarida la Wireless World saketi ya kurekebisha besi na trebo ambayo, vitufe vikiwa katikati, huipitisha sauti karibu kama ilivyoingia. Saketi hiyo ikaigwa dunia nzima, na katika miaka ya 1970 redio kubwa za Kijapani za Pioneer na Sansui zilijaa vitufe kuanzia pembe hadi pembe. Kisha ikaja itikadi ya usafi: amplifaya bora ni ile isiyogusa chochote, na kitufe cha besi ni alama ya mtu asiyejua muziki. Itikadi hiyo ilimfaa sana mtengenezaji. Kila kitufe ni tundu jingine kwenye bamba la mbele na ni kipuri kingine cha kununua na kupima. Siku hizi imeongezeka sababu ya pili. Wakaguzi hupanga amplifaya kwa vipimo vya kelele na upotofu wa sauti, na kampuni inayogombea nafasi ya juu kwa tofauti ya desibeli moja haioni kwa nini ijiongezee saketi.

Mtetezi wa usafi atasema rekodi imeshapangwa na fundi studioni, hivyo kuigeuza ni kuiharibu. Hoja hii ingesimama kama hedifoni zote zingetoa sauti moja, lakini aina mbili za bei sawa huweza kutofautiana kwa desibeli kadhaa katika besi pekee. Hata masikio hayakubaliani. Mtafiti Sean Olive na wenzake wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman, waliotumia miaka mingi kutafuta mkunjo wa sauti (mpangilio wa nguvu kutoka besi hadi trebo) unaopendwa na wengi, waligundua kwamba takribani asilimia 64 ya wasikilizaji waliridhika nao, asilimia 15 walitaka besi zaidi, na asilimia 21 walitaka ipunguzwe. Hayo ni matokeo ya watafiti wenye kila sababu ya kutaka mkunjo wao ushinde, na bado zaidi ya theluthi moja ya watu walibaki nje yake. Biashara ya viatu isingethubutu kushona saizi moja kwa hesabu ya namna hiyo.

Kuna pia suala la afya. Tangu utafiti wa Fletcher na Munson wa mwaka 1933 inafahamika kwamba sauti ikiwa ya chini, sikio hupoteza besi kwanza. Asiye na kitufe cha besi huweza kufidia kwa kuongeza sauti yote, wakati Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa vijana zaidi ya bilioni moja wamo hatarini kudhoofisha usikivu wao kwa namna wanavyosikiliza.

Soko limeanza kujirekebisha, ingawa kwa njia za kuchekesha kidogo. Schiit ya Marekani ilitoa mwaka 2017 kiboksi cha kupanga toni kiitwacho Loki kwa dola 149, huku amplifaya yao ndogo, Magni, ikiuzwa dola 99. Kilichokuwa sehemu ya redio kikageuka bidhaa ya pekee, ghali kuliko amplifaya yenyewe. RME ya Ujerumani ilifuata njia ya kidijitali: mashine yake ya ADI-2 DAC ina besi, trebo, ikwaliza (kipanga toni) ya bendi tano na balansi, kwa bei inayovuka dola 1,000. FiiO ya Guangzhou nayo imeingiza ikwaliza katika mashine zake za karibuni. Wapo wanaouliza fedha hizo ni za nini ilhali programu ya bure kwenye kompyuta hufanya kazi hiyohiyo. Kwa usahihi, wako sawa: kitufe cha trebo hakiwezi kukata mwiba mwembamba wa sauti kali bila kufifisha kila kilicho jirani yake, na ikwaliza ya programu inaweza. Ila programu hiyo haifiki kwenye santuri, kwenye mashine ya CD wala kwenye televisheni.

Balansi ndiyo iliyotelekezwa zaidi, na ndiyo yenye utetezi rahisi kuliko yote. Watu wengi wana sikio moja hafifu kuliko jingine, na hata kitufe cha sauti chenyewe kina walakini: ndani yake mna vipande viwili, kimoja kwa kila upande, na katika mzunguko wa mwanzo mara nyingi havilingani, hivyo mwimbaji anahamia upande mmoja pale anaposikilizwa kwa sauti ya chini. Kampuni za Kijerumani za SPL, katika Phonitor x, na Violectric, katika V281, ziliweka kitufe cha kusawazisha pande mbili, lakini hizo ni mashine za zaidi ya dola 1,000. Mwenye dola mia hupata kitelezi cha balansi bure katika mipangilio ya simu yake, kwenye sehemu iliyotengwa kwa watu wenye ulemavu. Akichomeka hedifoni zilezile kwenye amplifaya iliyounganishwa na mashine ya santuri, hana pa kushika.