Mradi Hausimami kwa Saruji Peke Yake

Kazi ya askari haikomei kwenye bunduki. Daraja likichukuliwa na maji, huitwa askari. Mji ukiharibiwa na vita, askari ndiye mtu wa kwanza kuingia na ndiye anayeombwa kusimamia ufufuaji wa visima, barabara na shule. Kwa hiyo si ajabu kwamba afisa wa jeshi au wa polisi hujikuta amekabidhiwa mradi, akapewa ramani, makisio ya fedha, ratiba na watu. Mambo matatu ya kwanza hufundishwa vyuoni. La nne aghalabu huachiwa bahati, ingawa ndilo linaloamua kama kazi itadumu au itakuwa gofu baada ya miaka miwili.

Mji wa Mocímboa da Praia, ulioko pwani ya kaskazini ya mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, una fundisho linalostahili kutafakariwa na kila aliyevaa sare. Usiku wa kuamkia Oktoba 5, 2017, watu wenye silaha walivishambulia vituo vitatu vya polisi mjini humo. Agosti 12, 2020 bandari yake ilianguka mikononi mwa waasi, na wakazi wakatawanyika huku na huko. Agosti 8, 2021 majeshi ya Msumbiji na Rwanda yaliingia tena. Yalikuta mji usio na watu, ofisi zilizochomwa na hospitali iliyoharibiwa. Mwezi uliofuata serikali ya Msumbiji iliidhinisha mpango wa kuujenga upya mkoa huo, uliokadiriwa kugharimu dola za Kimarekani milioni 300.

Fedha hununua saruji, nondo na mabati, lakini hazimrudishi mtu nyumbani. Mwananchi aliyekimbia na watoto akaacha shamba na mashua hujiuliza kwanza kama anayelinda mji anamtambua kuwa raia mwema au anamtazama kama adui. Jibu la swali hilo halimo katika ramani ya mhandisi yeyote. Limo katika salamu, katika namna ya kuuliza, na katika uvumilivu wa kusikiliza. Stadi hizi za utu ndizo tunazozizungumzia.

Tutazame habari ya lugha. Wenyeji wa pwani hiyo husema Kimwani, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Wamakonde na Wamakua nao wana lugha zao, na Kireno ni lugha ya ofisi. Askari aliyetoka kusini ya mbali, mwenye Kireno na lugha ya kwao tu, alikuwa mgeni kwa mama wa Kimwani. Askari wa Rwanda waliotoka nchi nyingine, kwa kuwa wengi wao walijua Kiswahili, waliweza kusalimu, kuuliza na kujibiwa bila mkalimani. Baada ya wakazi kuanza kurejea mwaka 2022, walishirikiana nao kuusafisha mji kwa desturi ya kwao iitwayo umuganda. Kweli, adui aliondolewa kwa silaha, wala hakuondolewa kwa maamkizi. Lakini silaha hukamata mahali, na imani ya watu huzaliwa katika mazungumzo.

Kusikiliza kuna uzito hata kabla ya maafa. Watafiti walioandika juu ya chanzo cha vita hivyo wameeleza kwamba viongozi wa Kiislamu wa eneo hilo waliwatahadharisha wakuu wa serikali kuhusu kikundi hicho kabla ya risasi ya kwanza kulia. Hapa pana jambo la kumgusa kila polisi. Mzee anayefika kituoni na habari isiyopendeza amejihatarisha. Akisimamishwa mlangoni saa mbili, au akajibiwa kwa dharau, hatarudi mara ya pili. Na siku atakapojua jambo kubwa zaidi, atalala nalo moyoni.

Historia ina mfano mwingine, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha katika Tanganyika mradi mkubwa wa karanga, uliokusudia kulima mamilioni ya ekari, ukiwa na vituo Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wasimamizi wengi walikuwa askari waliotoka katika Vita Kuu ya Pili, na mradi uliendeshwa kwa lugha ya vita. Palikuwa na matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru, na palijengwa bandari mpya ya Mtwara pamoja na reli ya kwenda Nachingwea. Kilichokosekana ni kikao na Wagogo wa Kongwa, waliojua kwa uzoefu wa vizazi kwamba mvua ya huko haiaminiki na kwamba udongo wake hukauka ukawa mgumu kama jiwe. Wafanyakazi waligoma, mitambo ikavunjika, karanga zikagoma kutoka ardhini. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na paundi zipatazo milioni 36 zikapotea. Ushupavu na nidhamu vilikuwapo. Alikosekana mtu wa kukaa chini ya mti akauliza, kisha akaamini alichojibiwa.

Wako watakaosema kwamba maisha ya askari ni amri, na kwamba mashauriano ni kazi ya wanasiasa. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Risasi zinapolia, hakuna muda wa baraza. Lakini kisima hakijengwi chini ya risasi, na watakaokitumia kwa miaka thelathini hawako chini ya amri ya yeyote. Ukiwaamuru wachimbe, watachimba. Ukihamishwa, pampu itakapoharibika wataitazama kama mali ya jeshi, nao watarudi mtoni. Waliochagua wenyewe mahali pa kisima, wakaunda kamati na kuchanga senti zao, watatafuta fundi kabla jua halijatua.

Kwa hiyo basi, msimamizi wa mradi anapofika mahali kama Mocímboa da Praia, jambo la kwanza ni kujifunza saa ya watu. Mvuvi hufuata maji, wala hafuati saa ya ukutani. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, wanawake huwa miambani wakitafuta chaza na pweza. Afisa anayeitisha mkutano saa hiyo atakuta mahali patupu, kisha ataandika katika taarifa yake kwamba wananchi hawana ari. Laiti angeuliza, angewapata wote siku tatu baadaye.

La pili ni kuwauliza wanaobeba mzigo. Mahali pa bomba pajadiliwe na wanawake wanaoteka maji. Barabara mpya ikipita katika mikorosho au karibu na makaburi, wenye mikorosho na wenye wafu wao wasikilizwe kabla katapila halijawashwa. La tatu ni kutoahidi usichoweza kutimiza. Katika mji ulioachwa ukiwa, ahadi moja iliyovunjwa hufuta kumi zilizotimizwa.

La nne ni kuitawala hasira. Wengi waliorudi walikuwa wamepoteza vitambulisho, na kumbukumbu za ofisini zilikuwa zimeungua. Mtu wa namna hiyo anapofika kwenye kizuizi cha barabarani bila karatasi, askari ana haki ya kumhoji kwa makini. Hana haki ya kumdhalilisha. Mahojiano ya heshima hutoa habari nyingi kuliko makofi, na fundi wa mradi aliyedhalilishwa asubuhi hatajenga ukuta ulionyooka mchana. La tano ni kuwapatanisha walio chini yako na kumsifu anayestahili mbele ya wenzake. Kikosi chenye manung'uniko hupeleka manung'uniko hayo kwa raia.

Stadi hizi hazizaliwi na mtu kama rangi ya macho. Hufundishika kama kulenga shabaha, kwa mazoezi na kwa kusahihishwa. Kamanda anayetaka vijana wake wajue kusikiliza na aanze yeye kuwasikiliza katika gwaride na katika bweni.

Jambo hili si la anasa. Ilipofika mwaka 2022 watu wapatao milioni moja walikuwa wameyakimbia makazi yao kwa ajili ya vita vya Cabo Delgado. Mnamo Septemba 2025 mashambulizi mapya katika Mocímboa da Praia yaliwalazimisha maelfu kukimbia tena. Mji huo umeonyesha kwamba ukuta uliokwisha jengwa unaweza kuhamwa kwa usiku mmoja, na kwamba anayeamua kurudi au kutorudi ni mwananchi. Atarudi upesi mahali anapojua jina la askari wa zamu, na askari huyo anapojua lake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kila askari anayepelekwa kujenga aitie methali hiyo mkobani pamoja na ramani yake.