Viza ya Kazi Ng'ambo: Maswali Yanayoutangulia Mshahara

Katika mtaa wa Huruma mjini Eldoret, kama ilivyo Majengo na Kisauni kwetu pwani, si ajabu kuikuta nyumba yenye binti aliyehitimu uuguzi huku vyeti vyake vimelala kabatini. Safari inapotajwa, swali la kwanza huwa ni mshahara. Sisi twaona yako matatu yanayostahili kulitangulia: kibali kimefungwa kwa nani, familia itafuatana naye au itabaki, na kazi ikikatika itakuwaje?

Tumfikirie muuguzi wa Huruma, mama wa watoto wawili, mwenye njia tatu mbele yake.

Njia ya kwanza ni Uingereza, iliyotiliana saini na Kenya makubaliano ya wahudumu wa afya Julai 2021. Viza ya wahudumu wa afya humsamehe muuguzi ada ya matibabu ya pauni 1,035 kwa mwaka wanayotozwa wahamiaji wengi. Mume na watoto waweza kufuatana naye, na mume huruhusiwa kufanya kazi. Lakini kibali kimefungwa kwa mwajiri aliyemdhamini; kazi ikikoma, kwa kawaida hupewa siku 60 kumpata mdhamini mwingine au kuondoka. Tena asichanganye uuguzi na kazi ya kutunza wazee. Watunzaji walizuiwa kuchukua familia tangu tarehe 11 Machi 2024, na Julai 2025 mlango wa kuwaajiri kutoka ng'ambo ukafungwa. Anayeahidiwa viza hiyo auziwa hewa.

Njia ya pili ni Ujerumani. Mkataba wake na Kenya ulitiwa saini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, lakini haukuondoa masharti: vyeti sharti vitambuliwe, na muuguzi kwa kawaida hutakiwa kufikia daraja la B2 la Kijerumani ndipo apate leseni kamili. Tangu Juni 2024 ipo pia Kadi ya Fursa, impayo mtaalamu mwaka mmoja wa kutafuta kazi akiwa huko huko, na ruhusa ya vibarua vya saa 20 kwa wiki, maadamu athibitishe kuwa aweza kujikimu. Akishapata kibali cha mfanyakazi mwenye ujuzi, mwenzi wake akiungana naye huruhusiwa kufanya kazi, na baada ya miaka mitatu aweza kuomba ukaazi wa kudumu akitimiza masharti. Ni njia ya subira.

Njia ya tatu ni Saudia, iliyo karibu na nyoyo zetu kwa kuwa Makka iko jirani. Mageuzi ya Machi 2021 yaliwalegezea wafanyakazi wa sekta binafsi kifungo cha kafala katika kuhama mwajiri na kusafiri. Watumishi wa nyumbani hawakuingizwa. Kuleta familia hutegemea aina ya kazi na mshahara, na katika sekta binafsi kila mtegemezi hulipiwa riyali 400 kwa mwezi. Watoto wawili peke yao ni riyali 800. Na miaka ya kukaa, hata ikiwa mingi, haimpi ukaazi wa kudumu.

Basi hakuna viza iliyo bora kwa kila mtu. Asiyetaka kutengana na wanawe aipime Uingereza. Aliye tayari kujifunza lugha aitazame Ujerumani. Anayekusudia kuweka akiba kwa miaka michache kisha arejee, Saudia yaweza kumfaa.

Eldoret ina funzo lake. Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana wakidai fedha walizolipia masomo ya watoto wao Finland na Kanada, safari ambazo hazikutimia. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi, tuhakikishe kwamba wakala ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na kwa Uingereza, kwamba mwajiri yumo katika orodha ya wadhamini inayotangazwa na serikali yake. Mkataba usomwe na mume, wazazi na binti mwenyewe, na nakala ibaki nyumbani. Mashauri yakamilike, istikhara iswaliwe, kisha ndipo mshahara uzungumzwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.