Imekubali Si Leseni

Swali limerudi tena, safari hii kwa sura mbili. Muuzaji anauliza: "Kompyuta yangu imechoka, nataka kuitupa. Windows yake ni halali. Naweza kuitoa na kumuuzia mtu mwingine?" Mnunuzi naye anauliza: "Nimeuziwa ufunguo wa Windows mtandaoni kwa bei ya kutupa, nimeuingiza na umekubali. Si ni halali basi?"

Wa kwanza, mara nyingi hapana. Wa pili, kukubali hakuthibitishi chochote. Kwa kuwa majibu mafupi hayajamzuia mtu kurudi na swali lile lile, leo nitakaa juu ya imani inayolizaa: kwamba mwenye ufunguo ndiye mwenye leseni, na mashine ikishaupokea, uhalali umekamilika.

Imani hii inauzwa kila siku kwenye maduka ya kompyuta za mtumba, kuanzia Kariakoo, Dar es Salaam, hadi Luthuli Avenue, Nairobi. Mteja anauliza kama Windows ni orijino. Fundi anafungua mipangilio, anaonyesha mstari unaosema Windows imeamilishwa, anatamka "umeona, imekubali," na pesa zinahesabiwa. Hakuna anayeuliza leseni ni ya nani, ni ya aina gani, wala ilitoka kwenye mashine ipi.

Ufunguo wa Windows ni herufi na tarakimu 25. Ukiuingiza, seva ya Microsoft inatazama kama ufunguo huo unatambulika, kama haujafungiwa, na kama haujatumika kwenye mashine nyingi kupita kiasi. Haimtazami aliyekuuzia. Haijui kama aliupata kwa kununua, kwa kuunakili ofisini kwa mwajiri wake, au kwenye akaunti ya chuo alichomaliza zamani. Leseni yenyewe ni ruhusa iliyoandikwa kwenye mkataba, yenye masharti ya nani anaitumia, kwenye mashine ipi, na kama anaweza kumpa mwingine. Mpangaji ana ufunguo wa chumba na mlango unamfungukia kila siku, lakini hilo halimpi haki ya kuiuza nyumba.

Ndiyo maana ufunguo wa bei ya kutupa unaweza kukubali leo na kukataa baadaye. Ukikuta umetoka kwenye mkataba wa kampuni au chuo, ukauzwa kwa watu wengi, siku Microsoft ikigundua inaufunga. Wewe unaona onyo kwenye kona ya kioo, muuzaji hapatikani, na fundi anakuuzia ufunguo mwingine wa aina ile ile.

Sasa jikague mwenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /dli, kisha bonyeza Enter. Subiri kidogo, kitafunguka kidirisha. Usihangaike na maneno mengine. Tafuta mstari wa maelezo wenye neno OEM, RETAIL au VOLUME.

OEM ni leseni iliyokuja na mashine kutoka kiwandani. Mkataba wake hauna mafumbo: unaweza kumpa mtu mwingine, lakini pamoja na mashine ile ile, na kama ilikuja na stika halisi ya Windows, stika iende nayo. Tangu Windows 8, watengenezaji wakubwa huuweka ufunguo huu ndani ya chipu ya bodi kuu, kwa hiyo hakuna cha kubandua. Bado kuna watu wanaokwangua kwa wembe stika za Windows 7 chini ya kompyuta mpakato zilizokufa na kuzibandika kwingine. Wanachohamisha ni karatasi yenye gundi.

RETAIL ni ile iliyonunuliwa peke yake. Hii ndiyo inayohamishika, kwa masharti: uwe mtumiaji wa kwanza mwenye leseni, anayepokea ayakubali masharti, na wewe uiondoe kabisa kwenye mashine ya zamani. Soma tena sharti la kwanza. Uliyemuuzia hana ruhusa ya kuichomoa na kumuuzia wa tatu. Na hata ukiliona neno RETAIL kwenye kioo, bado dai risiti, kwa sababu zipo programu za kukraki zinazoweza kuifanya Windows ijionyeshe hivyo.

VOLUME ni leseni ya jumla ya kampuni, chuo au taasisi. Mashine nyingi za mtumba huwa zilitumika kwenye ofisi za nje, na unapokuta VOLUME_KMSCLIENT kwenye kompyuta uliyonunua dukani, muulize muuzaji: hii ni ya kampuni gani? Utaratibu wa KMS unaitaka kila kompyuta iripoti kwenye seva ya taasisi yake, na kila inaporipoti hupewa siku 180. Kidirisha huziandika kwa dakika, 259,200. Ukubwa wa namba usikufurahishe. Kama nyuma ya mashine yako hakuna taasisi, kuna uwezekano mkubwa kwamba ndani yake imekaa programu ya kukraki inayojifanya seva hiyo. Iliingia ikiwa na mamlaka yote juu ya mashine, baada ya fundi kuzima kinga ya virusi ili isizuiliwe. Mafundi wengi hawakumbuki kuiwasha tena kinga hiyo. Kisha mwenye mashine anafungua akaunti ya benki humo humo na kuniuliza kwa nini pesa zake zimechezewa.

Hapo msomaji mbishi hunikatiza: "Mbona Ulaya mahakama imeruhusu kuuza programu zilizotumika?" Imeruhusu, na waliosoma kichwa cha habari peke yake ndio wanaonichosha zaidi. Tarehe 3 Julai 2012, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mtengenezaji akishauza ruhusa ya kutumia programu bila ukomo wa muda, kwa malipo yanayolingana na thamani ya nakala, hawezi kuzuia nakala hiyo isiuzwe tena, hata kama ilipakuliwa kwenye intaneti. Lakini anayeuza lazima aifanye nakala yake mwenyewe isitumike tena. Wala haruhusiwi kumega leseni: Oracle iliuza kwa mafungu ya watumiaji 25, na mwenye fungu asiyehitaji wote hawezi kuuza salio. Mwaka 2016 mahakama hiyo hiyo ikaongeza kwamba nakala ya akiba iliyochomwa kwenye diski isiyo ya asili haiuzwi bila idhini ya mwenye haki, hata kama diski ya asili imeharibika au imepotea. Kwa hiyo CD aliyoichoma fundi haiuziki hata huko Ulaya.

Marekani hali ni ngumu zaidi. Timothy Vernor aliuza kwenye eBay nakala halisi za AutoCAD alizozinunua kutoka kampuni ya wasanifu majengo. Hazikuwa za kughushi. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa iliamua kwamba kampuni ile ilikuwa na leseni tu, haikuwa mmiliki wa nakala, kwa hiyo haikuwa na cha kumuuzia. Naye Vernor akawa hana cha kuuza.

Hukumu za mahakama ile ya Ulaya, iliyoko Luxembourg, hazizifungi mahakama zetu, iwe Kisutu ya Dar es Salaam au Milimani ya Nairobi. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 na ya Kenya ya 2001 zinailinda programu ya kompyuta kama kazi ya maandishi. Kwa hiyo ukitaka kujua unaruhusiwa nini, anza na mkataba wa programu yako. Ndiyo, ule ulioubofya "nakubali" bila kuusoma.

Haya, la kufanya. Kompyuta yenye OEM: iuze na Windows yake. Hamisha mafaili yako, toka kwenye akaunti zako, iondoe mashine kwenye akaunti yako ya Microsoft, irudishe kwenye hali ya mwanzo kwa kufuta kila kitu, imekwisha. Leseni ya RETAIL: iondoe kwenye mashine ya zamani, toa risiti na ufunguo, andikeni karatasi ya makabidhiano yenye majina, tarehe na sahihi, usibakize nakala. Programu za kulipia kwa mwezi au mwaka, kama Microsoft 365 au Adobe Creative Cloud: huna cha kuuza, sitisha malipo na utoke kwenye kifaa, usimwachie mtu nenosiri lako. Programu za uhasibu na za uchoraji: mwandikie mtengenezaji au wakala wake, upate jibu la maandishi kabla hujapokea shilingi ya mtu. Leseni ya jumla ya kampuni inayofungwa: vivyo hivyo, na ofisa wa kompyuta asijigawie. Huna bajeti? Ubuntu na LibreOffice ni bure, halali, na zinatosha kwa barua, hesabu na intaneti. Unanunua mtumba? Hakikisha mashine inakidhi vigezo vya Windows 11, maana msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mwambie muuzaji aandike aina ya leseni kwenye risiti.

Akikataa kuiandika, nenda duka la jirani. Siku ya ukaguzi wa leseni fundi hatakuwepo, wala aliyekuuzia ufunguo hatapokea simu. Atakayeulizwa ni mwenye mashine, na karatasi ndiyo itakayomjibia.