Mshauri wa Unyonyeshaji Akija, Mwacheni Aone

Nyumba yenye mzazi ikiarifiwa kuwa mshauri wa unyonyeshaji atafika kesho, kazi huanza na ufagio. Sebule inapigwa deki, mashuka yanabadilishwa, mtoto anaogeshwa na kunyonyeshwa mpaka asinzie ili mgeni amkute ametulia. Adabu hiyo ni njema, ila kwa mgeni huyu inaharibu kazi. Mtoto aliyeshiba amelala, na mama anabaki kueleza kwa maneno tatizo ambalo lingeonekana kwa dakika tano. Maandalizi yenye faida ni yale yanayomwezesha mshauri kuyaona mambo yalivyo, hata yale ambayo wenyeji wangependa yabaki jikoni.

Chuchu zinazochubuka, mtoto anayenyonya saa nzima na bado analia, maziwa yanayodhaniwa kuwa machache: mara nyingi haya yote chanzo chake ni namna mtoto anavyoshika titi. Kwa hiyo mshauri hutazama kama mdomo wa mtoto umefunguka sana, kama kidevu kimegusa titi, kama mdomo wa chini umepinduka kwa nje, na kama ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi kwa juu kuliko kwa chini. Husikiliza mtoto anavyomeza. Mtoto akiachia, huangalia chuchu imetokaje, kwani ikitoka imebonyea upande mmoja ni dalili kwamba ilikuwa inabanwa. Mambo haya hayasimuliki vizuri na mtu ambaye hajalala. Ndiyo maana inafaa kumwambia mshauri mapema saa ambazo mtoto huamka kunyonya, ili mpange afike karibu na hapo. Mtoto asishindishwe njaa kwa kumsubiri mgeni. Akishaanza kulia kwa hasira hashiki titi vizuri, na dalili za mwanzo za njaa ni kugeuzageuza kichwa akitafuta na kunyonya mikono. Mama naye akae pale anaponyonyeshea siku zote, iwe kitandani au mkekani. Kiti cha sebuleni alichokalishwa kwa heshima ya mgeni kitaonyesha mkao ambao hautatumika tena mlango ukishafungwa.

Ushahidi wa pili ni wa mwilini mwa mtoto. Kadi ya kliniki iwe karibu, kwa sababu uzito ndio unaosema kwa uhakika. Watoto wengi hupungua kidogo siku za mwanzo, kisha huurudia uzito wa kuzaliwa kufikia wiki mbili. Aliyepungua zaidi ya asilimia 10 anahitaji kuangaliwa bila kuchelewa. Mtoto mchanga kwa kawaida hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku moja, usiku na mchana. Kuanzia kama siku ya tano hutarajiwa kulowesha nepi 6 au zaidi, na kinyesi kile cheusi cha mwanzo huwa kimekwisha geuka njano. Wapo wanaosema kuhesabu haya kunamtia mama hofu. Ni kweli, daftari la mwezi mzima linaweza kumfanya mtu asahau kumtazama mtoto akatazama saa. Lakini siku moja tu ya kuweka alama kwa kalamu nyuma ya kalenda, kazi ambayo baba anaiweza kabisa, inatosha.

Kinachofichwa zaidi ni chupa. Maji ya sukari, dawa ya tumbo iliyonunuliwa dukani, maziwa ya kopo yaliyotolewa usiku wa shida: vyote hivyo viwekwe mezani, pamoja na dawa anazotumia mama mwenyewe. Mtoto aliyejazwa maji hana hamu ya titi, na titi lisiponyonywa hupunguza kutengeneza maziwa. Mshauri asiyejua hilo atatafuta kosa mahali ambapo halipo. Naye bibi, au mama mkwe aliyeshika usukani wa nyumba, aombwe kuwepo, maana asiposikia sababu kwa masikio yake, ushauri wote utabatilishwa kabla ya magharibi. Ila mama apewe pia muda wa faragha na mshauri. Hali yake ya VVU, kwa mfano, ni yake kuisema au kutoisema mbele ya watu.

Pingamizi kubwa ni kwamba bibi zetu walinyonyesha bila washauri. Walikuwa nao, ila hawakuitwa hivyo: mzazi alikaa arobaini akiwa na wanawake wa kumshika mkono, jambo ambalo vyumba vya kupanga mijini vimelipunguza. Na mshauri si lazima awe daktari. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011 katika jarida la Lancet, wanawake wa kawaida waliopewa mafunzo waliwatembelea wenzao majumbani katika nchi tatu. Huko Mbale, Uganda, mtoto akiwa na wiki 12, asilimia 82 ya waliotembelewa walikuwa wakinyonyesha bila kumpa mtoto kitu kingine, dhidi ya asilimia 44 ya wasiotembelewa. Afrika Kusini ilikuwa 10 dhidi ya 6 tu. Wenye shaka wana haki ya kuishika takwimu hiyo ya mwisho. Mimi naisoma hivi: wakati huo kliniki za serikali huko ziliwagawia mama wenye VVU maziwa ya kopo bure, na neno la mgeni wa saa moja halishindi kwa urahisi kile ambacho mazingira yanasema kila siku. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwaita wenye sauti nyumbani wakae kikao kimoja naye.

Yapo ya kutosubiri miadi. Mtoto anayekataa kunyonya, aliyelegea, mwenye homa, degedege au anayepumua kwa shida apelekwe hospitali mara moja. Vivyo hivyo mama anayetokwa damu nyingi au mwenye homa na titi lililovimba na kuuma. Kwa wengine, kabla mshauri hajaaga, mwombeni aandike jambo moja au mawili ya kubadilisha, siyo kumi, na tarehe ya kumpima mtoto uzito tena.