Sanamu ya Marumaru Iliyopigwa Mnada: Je, Haki Hufa kwa Kunyamaza?



Mwezi wa Aprili 2017, katika mnada wa Christie's mjini New York, sanamu ya marumaru yenye urefu wa sentimita 23 hivi ilifikia zaidi ya dola milioni 14. Siku moja kabla, Serikali ya Uturuki ilikuwa imeshafungua kesi ikidai kuwa sanamu hiyo ni mali yake. Aliyeshinda mnada akaghairi, na kesi ikaendelea hadi 2023.

Wakusanyaji wa vitu vya kale huiita Mtazama Nyota, kwa kuwa kichwa chake kimelalia nyuma kama cha mtu anayeangalia mbinguni. Karakana pekee inayojulikana ya sanamu za aina hii ilikuwa Kulaksızlar, magharibi ya Uturuki. Umri wake hauna khitilafu ndogo: mnada uliihesabu kuwa ya miaka elfu nne hadi elfu tano iliyopita, na wapo watafiti wanaoirudisha nyuma zaidi ya miaka elfu sita. Nzima ni chache mno, kwani nyingi zimekutwa zimevunjwa shingo, na inadhaniwa zilivunjwa kwa makusudi.

Hoja ya Uturuki ilisimama juu ya sheria ya Dola ya Uthmaniyya ya mwaka 1906, iliyofanya vitu vya kale vilivyomo ardhini kuwa mali ya dola. Mahakama ilikubali kwamba sanamu ilichongwa huko, lakini ikasema haikuthibiti kwamba ilichimbuliwa huko baada ya 1906. Kisha ikaja hoja iliyoimaliza kesi. Sanamu ilinunuliwa New York mwaka 1961, ikakaa miaka mingi mbele ya watu katika jumba la makumbusho la Metropolitan, na ikaandikwa vitabuni. Uturuki haikudai mpaka 2017. Hukumu ya 2021, iliyoungwa mkono na mahakama ya rufaa 2023, ilisema kwamba mdai alilala juu ya haki yake, na waliobaki na mali wameumia kwa kuchelewa huko, kwa sababu mashahidi wamekwisha kufa.

Hapa msomaji atauliza: sheria yetu inasemaje? Jibu zuri linapatikana kwa hao hao Uthmaniyya. Katika Majalla, mkusanyo wao wa hukumu za muamala uliotegemea fiqhi ya Kihanafi, kadhi hasikilizi dai la mali lililoachwa miaka 15 bila udhuru. Lakini Majalla hiyo hiyo inasema kwamba haki yenyewe haianguki kwa kupita wakati. Mdaiwa akikiri mbele ya kadhi, dai linasikilizwa hata kama muda umepita. Tofauti hii ni kubwa, na watu wengi huichanganya. Kadhi hufunga mlango wa kesi ili kuzuia hila na ushahidi wa uongo. Hafanyi halali kile ambacho aliyenacho anajua moyoni kuwa si chake. Shamba la mayatima lililokaliwa na ami yao miaka 30 haligeuki kuwa lake kwa sababu wao walinyamaza, wakimstahi.

Sisemi kwamba sanamu hii iliibwa; hilo halikuthibiti mahakamani. Ila kwa Muislamu, hata asili ya mali ingekuwa safi kabisa, uuzaji wenyewe una tatizo jingine. Katika Hadithi ya Jabir (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alitangaza mwaka wa kufunguliwa Makka uharamu wa kuuza pombe, mzoga, nguruwe na masanamu. Imamu Nawawi anaeleza kuwa sababu katika masanamu ni kukosa manufaa ya halali, na anataja khitilafu ya Mashafii kuhusu sanamu ambayo vipande vyake vikivunjwa vinafaa kwa kazi nyingine. Bei ya milioni 14 haikuwa bei ya vipande vya marumaru.

Wengine hudhani kila kinachochimbuliwa ni rikazi: unatoa khumsi, kinachobaki ni chako. Si hivyo. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii, rikazi yenye khumsi ni dhahabu na fedha, na kilichokutwa katika ardhi inayomilikiwa si cha aliyekiokota. Basi kijana akichimba msingi wa nyumba ya watu akaibua chungu cha kale au sarafu, asikimbilie kwa mnunuzi wa mjini. Amwambie mwenye ardhi, na wapeleke habari kwa wanaohusika na mambo ya kale, tena mapema, wakati mashahidi wa mahali kilipotoka wangali hai.

Wallahu a'lam.