Kupima Kifua na Kuacha Sigara: Kazi Mbili, Safari Moja



Katika vijiji vyetu vya Kitui na Makueni, mara nyingi kikundi husikia habari za mapafu ya mwanachama wakati wa mchango. Kwanza ni mchango wa nauli ya hospitali, halafu wa dawa, mwishowe wa mazishi. Ukiuliza, utaambiwa mzee alikohoa mwaka mzima, watu wakasema ni vumbi au moshi wa makaa. Na sigara je? Ah, hiyo alianza akiwa kijana, nani angemwambia kitu?

Leo tunataka kuongea juu ya kazi mbili ambazo kwa kawaida hufanywa mbali mbali. Ya kwanza ni kupima kifua cha mtu aliyevuta sigara miaka mingi. Ya pili ni kumsaidia aache. Sisi tunasema zifanywe pamoja, siku moja, mahali pamoja.

WENGINE WAMEJIFUNZA NINI?

Saratani ya mapafu ni mwizi wa usiku. Mwanzoni haiumi. Mtu akianza kutema damu, mara nyingi imeshaenea. Mwaka 2011 Marekani ilitoa matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 53,000 wa umri wa miaka 55 hadi 74, wote wavutaji wa siku nyingi. Nusu walipimwa kwa mashine ya CT yenye mionzi kidogo, nusu kwa eksirei ya kawaida. Katika kundi la CT, vifo vya saratani ya mapafu vilikuwa pungufu kwa asilimia 20.

Mwaka 2016 watafiti waliangalia tena watu wale wale. Wale waliokuwa wameacha sigara kwa miaka 7 walipata nafuu inayokaribia ile ya mashine. Na waliokuwa wameacha miaka 15 na pia kupimwa kwa CT, vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 38. Mnaona? Mashine inasaidia, kuacha kunasaidia, lakini vikiwa pamoja vinasaidia zaidi.

Huko Uingereza, tangu 2019, mashine hizo zimekuwa zikipelekwa kwa malori hadi karibu na maduka, ili watu wasisafiri mbali. Katika jimbo la Yorkshire walijaribu kumweka mshauri wa kuacha sigara hapo hapo kwenye lori. Mvutaji akimaliza kupimwa, anaketi na mshauri kabla ya kwenda nyumbani. Wengi walikubali.

Sababu yake si ngumu. Siku ya kupimwa, moyo wa mtu uko wazi. Anaogopa kidogo, anawaza watoto wake. Lakini akiambiwa tu "uko sawa, nenda," anaweza kuwasha sigara nje ya lango akidhani amepewa ruhusa. Picha safi ya leo si dawa ya kesho.

NA HAPA KWETU JE?

Mashine ya CT haipatikani dispensari. Tena picha ya mapafu inaweza kuonyesha doa ambalo si saratani, kwa mfano kovu la TB ya zamani. Kwa hiyo hatuwaambii kila mvutaji auze mbuzi akatafute CT.

Mlango wetu wa karibu ni kipimo cha TB. Sigara huongeza hatari ya kuugua TB na ya kufa nayo. Kupima makohozi na dawa za TB ni bure katika vituo vya serikali. Basi siku ya kupima TB iwe pia siku ya kuacha sigara. Ila tukumbuke: eksirei ya kawaida husaidia kutafuta TB, lakini haitoshi kusema mtu hana saratani.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Ongeeni na dispensari na mhamasishaji wa afya wa kijiji. Panga siku moja ya kupima kifua, na muombe mtu wa kushauri wavutaji awepo.

2. Jueni nani yuko hatarini zaidi. Zidisha pakiti za siku kwa miaka ya kuvuta. Mzee wa nusu pakiti kwa miaka 40 amefika 20. Marekani, tangu 2021, mtu wa miaka 50 hadi 80 aliyefika 20, na bado anavuta au ameacha chini ya miaka 15, hushauriwa kupimwa kwa CT kila mwaka. Mtu kama huyo akienda hospitali, amweleze daktari hesabu hiyo.

3. Msimwaibishe mtu. Mwulizeni kwa heshima: Baba, bado unavuta? Ungependa kuacha? Tukusaidie vipi?

4. Achague siku ya kuacha, ndani ya wiki mbili. Apewe mwenzake wa kumtembelea. Siku za kwanza ndizo kali: hasira, usingizi kupotea, hamu. Hamu ikija hukaa dakika chache tu. Anywe maji, atembee, ashike kazi. Anaweza pia kupiga simu 1192 ya NACADA, bila malipo.

5. Akirudia, asifukuzwe. Wengi hujaribu mara kadhaa kabla ya kufaulu.

6. Aliyepimwa TB akaambiwa hana, au aliyemaliza dawa, na bado anakohoa, anakonda au anatema damu, asirudishiwe dawa za TB bila kupimwa upya. Aende hospitali ya kaunti na karatasi zake zote, aulize wazi juu ya saratani. Hapo ndipo mfuko wa kikundi utoe nauli mapema, kabla ya kutoa ya jeneza.

Wanaotumia ugoro nao wasijidanganye. Ugoro hauna moshi, lakini unashika mtu na unaweza kuleta saratani ya kinywa. Kutoka sigara kwenda ugoro si kuacha.

Kwa aliyeacha, baada ya miaka 10 hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu hushuka karibu nusu ya ile ya anayeendelea. Hajachelewa aliye hai. Mwethya umetujengea mabwawa na matuta. Unaweza pia kumbeba mzee mmoja wiki nne za kwanza, maana kidole kimoja hakivunji chawa.

MASWALI YA KUJADILI

- Katika kikundi chetu, nani anakohoa na hajapimwa?
- Nani atakuwa mwenzake wa anayetaka kuacha?
- Mfuko wetu unaweza kutenga kiasi gani cha nauli mwaka huu?